Mipira Kumi na Mmoja ya Ambrose Hudak

Calloway, Ohio
4 Mei 1952

Dada yangu Verona,

Nakusalimu wewe, shemeji Emil, na Baba. Mimi ni mzima, isipokuwa kidole gumba cha kulia kilichovimba kama soseji ya Pasaka. Lakini mdakaji wa besiboli asiye na kidole kibovu huyo anadanganya watu kuhusu kazi yake. Nimepanga chumba kile kile cha mwaka jana, kwa Bibi Tolliver, na bado anapika maharage kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi. Nimewatumia mablanketi mawili kwa posta. La bluu ni la Baba, na asije akasema linamfaa zaidi Emil.

Sasa habari za timu. Tumecheza mechi kumi na saba na tumeshinda tatu. Jumanne tulikuwa tunaongoza mpaka zamu ya mwisho kabisa. Mpira mmoja mwepesi ukapaa, wachezaji wetu watatu wakaukimbilia, na walipofika chini yake kila mmoja akamwachia mwenzake. Ukaanguka katikati yao. Wapinzani wakaingiza pointi tatu tukiwa bado tunatazamana. Kocha Pruitt hakufoka hata kidogo. Alisema, "Kwa adabu hiyo, ninyi mngefaa kugawa sahani harusini."

Mwambie Baba msimu bado mchanga. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na sisi tumekubali mara kumi na nne, kwa hiyo ushindani tunao wa kutosha.

Ndugu yako,
Ambrose

(Karatasi ya pili. Hii usimsomee.)

Dada, sichezi. Wameleta mdakaji mpya, Renfro, ana miaka ishirini na miwili na magoti yake hayalii anapochuchumaa. Mimi nina thelathini na mitano na yangu yanasikika hadi jukwaani. Nakaa benchi, naamshwa kuwapasha misuli warushaji, narudi kukaa. Baba akiuliza mbona jina langu halitajwi redioni, mwambie ni kidole.


Sobota Hill, Pennsylvania
19 Mei 1952

Mdogo wangu Ambrose,

Barua imefika, na mablanketi pia. Baba alilipokea lake akisema hakuna baridi, kisha akalala nalo. Emil anakusalimu, yuko zamu ya jioni mwezi huu. Jirani yetu Bi Kosko amepata mjukuu wa saba na anapita barabarani kana kwamba amemzaa yeye.

Karatasi ya kwanza nilimsomea Baba mara mbili. Nilimgeuzia kwa Kislovakia, na pale pa kugawa sahani alicheka mpaka akakohoa, alivyokohoa nikajuta kusoma. Kifua ni kile kile. Daktari anasema vumbi la makaa likishaingia halitoki, limeshakuwa mwenyeji. Kilichonishtua mimi ni miguu. Imevimba, na tangu Pasaka hajavaa viatu. Unamjua Baba, mtu wa kupiga viatu rangi kila Jumamosi hata kama haendi popote. Sasa viko chini ya kitanda na mimi ndiye ninayevifuta vumbi. Yeye anakaa na soksi kwenye kiti cha jikoni, na jioni, mawimbi ya Calloway yakivuka milima, anasogeza sikio kwenye redio na hakuna ruhusa ya kuosha hata kijiko.

Ya pili nimeisoma peke yangu na kuitia motoni. Nimemwambia ni kidole. Akasema, "Kidole! Mimi nilivunjika mbavu mbili na Jumatatu nikashuka mgodini." Halafu akaongeza sauti ya redio.

Kutoka kwenu mpaka hapa ni safari ya saa nne kwa basi. Sikulazimishi. Nakukumbusha tu umbali.

Dada yako,
Verona


Calloway
15 Juni 1952

Dada Verona,

Salamu kwenu nyote, na hongera za mjukuu kwa Bi Kosko. Bibi Tolliver ameongeza kabichi kwenye maharage, tumeshukuru.

Tumepoteza mechi thelathini na saba. Mtu akipoteza sana huanza kuamini mambo. Kocha amekataza mtu yeyote kukanyaga mstari mweupe akiingia uwanjani, kwa hiyo tunauruka wote ishirini na mmoja, mmoja mmoja, kama mbuzi. Mrushaji wetu Gus alikuwa na soksi fulani siku tuliposhinda mara ya mwisho, akaapa hatazifua mpaka tushindwe. Tulishindwa kesho yake. Akasema basi hatazifua mpaka tushinde. Wiki tatu zimepita, na sasa benchi zima linaomba ushindi kwa ajili ya pua.

Watazamaji wamepungua kiasi kwamba anayekutukana unamjua kwa jina. Fundi bomba mmoja, Bwana Ostrander, hukaa nyuma ya benchi letu. Jana alipaza sauti, "Hudak! Hata kukaa unakaa vibaya!" Nikageuka nikamwambia, "Njoo unifundishe, nafasi ipo." Wote wawili tukacheka. Unafika wakati mtu anayekutukana kila siku anakuwa ndugu.

Kidole kinaendelea vizuri. Mwambie Baba ale.

Ambrose

(Leo hakuna karatasi ya pili.)


Sobota Hill
9 Julai 1952

Ambrose, Ambrose!

Sisi hatujambo, Emil hajambo, mvua imenyesha, yote hayo weka pembeni. Mbona hukuandika? Siku nne nzima na hukuandika!

Jumamosi tumekaa jikoni. Mlikuwa ugenini, Dorrance, mmeshindwa tayari, kumi kwa moja, mimi namenya viazi. Mara mtangazaji wenu Lyle Beemer anasema kocha amemwita Hudak akashike gongo. Baba akainua mkono hivi. Nikaweka kisu chini.

Mpira wa kwanza, umekosa. Wa pili, umekosa. Mimi na besiboli unatujua, ilibidi Baba anieleze: ukikosa mara tatu umetoka, lakini ukiwa umebakiza kosa moja, ukiugusa tu mpira ukaenda nje ya mstari, hujatoka, unarushiwa mwingine. Na wewe ukaugusa. Ukaenda nje. Ukarushiwa mwingine, ukaugusa. Kila mara nasikia gongo, ko! Beemer anasema mmoja umeruka jukwaani kofia ya mwanamke ikaanguka, mwingine umeangukia kwenye ndoo ya maji. Baba anahesabu kwa vidole, vikaisha, akaanza vyangu. Kumi na mmoja, Ambrose! Wa kumi na mbili ndio ukakutoa, na Beemer akasema mrushaji alikuwa anajifuta jasho kama mtu aliyebeba piano.

Baba alifumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Kumi na mmoja," akaomba supu. Akaila yote. Jumapili baada ya misa wazee wenzake wa klabu walikuja kumtazama, akawasimulia mpaka mzee Kosko akawa anapiga mwenyewe kwa fimbo katikati ya jiko langu. Na kila anayekuja anasimuliwa upya. Amepata rangi usoni. Leo ameuliza viatu vyake viko wapi. Hakuvivaa, ameuliza tu.

Njoo basi umsimulie wewe. Anataka kujua kila mpira, mmoja baada ya mwingine.

Verona


Calloway
20 Julai 1952

Mpendwa dada,

Salamu kwako, kwa Emil na kwa Baba. Nimefurahi kusikia Baba anakula. Mwambie nashukuru kwa maneno yake, na mzee Kosko aangalie asivunje taa.

Sisi tunaendelea. Tumepoteza hamsini na tisa. Gus alifua soksi tarehe kumi na mbili.

Ambrose

(Karatasi ya pili.)

Verona, sikupiga mpira hata mmoja.

Nilitoka kwa mitatu. Nilisimama, nikakosa, nikakosa, nikakosa, nikarudi benchi. Hata Bwana Ostrander angekuwepo asingepata muda wa kunitukana.

Ilikuwa hivi. Timu ikisafiri, Beemer hasafiri nayo. Anakaa studio hapa Calloway, na mtu wa simu ya maandishi, ile ya kugonga, aliye uwanjani anamtumia maneno machache kwa waya: nani anapiga, nini kimetokea. Mengine yote anayatia yeye. Ile ko! ni penseli anayogonga kwenye kibao. Kelele za watu ni sahani ya santuri. Hapa kila mtu anajua, nilidhani na huko mnajua.

Siku hiyo kulikuwa na radi njiani na waya ukakatika nikiwa nimekosa mara mbili. Beemer hawezi kukaa kimya hewani, na hawezi kunitoa wala kuniacha nifike kituo cha kwanza, kwa sababu hajui kilichotokea na kesho magazeti yatamuumbua. Mpira unaokwenda nje ya mstari hauandikwi popote. Ndiyo mbinu ya watangazaji, waya ukifa wanampa mpigaji mipira ya nje mpaka ufufuke. Ulifufuka baada ya kumi na mmoja. Beemer aliniambia mwenyewe, akacheka, akaninunulia bia. Na mimi nilicheka, mpaka barua yako ilipofika.

Mwambie Baba, tafadhali. Kwa upole. Mimi siwezi.


Sobota Hill
27 Julai 1952

Ambrose,

Hatujambo.

Simwambii. Unataka nikae mbele ya mtu anayepumua kwa vipande, nimnyang'anye kitu pekee kilichomfanya aombe supu? Ng'o. Nimelea watoto watatu, nimefanya kazi kiwanda cha mashati miaka tisa, na tangu Machi namgeuza Baba kitandani. Nimebeba vingi vya nyumba hii. Hicho ni chako, kibebe mwenyewe.

Njoo umwambie au njoo usimwambie. Lakini njoo. Daktari amesema tusitegemee kwamba atafika wakati wa baridi.

Verona


Calloway
31 Agosti 1952

Dada Verona,

Shikamoo yangu uipokee hata kama umenikasirikia. Nisalimie Emil na Baba. Naomba radhi kwa kimya. Tulikuwa safarini, kisha tulikuwa nyumbani, kisha sikuwa na kisingizio.

Tumepoteza mechi kumi na nne mfululizo. Renfro naye ameumia bega, kwa hiyo siku sita nilidaka mimi, na tulipoteza zote sita, lakini kwa heshima kidogo zaidi. Mwambie Baba nilimtoa mkimbiaji mmoja pale kituo cha pili, kwa mkono huu huu mbovu, na hilo ni kweli.

Ambrose

(Karatasi ya pili.)

Tarehe kumi na nane hatukuwa na mechi. Nilivaa suti, nikaenda kituo cha basi, nikakata tiketi. Basi likaja, likajaa, likaondoka, na mimi nimekaa kwenye benchi. Nina ujuzi mkubwa wa benchi.

Najua utasema nini. Lakini fikiria. Nikiingia tu jikoni, ataniambia nikae, nimweleze ile mipira mmoja mmoja. Nikisema kweli namvunja moyo, tena mbele ya klabu nzima. Nikidanganya, nitadanganya vipi mtu yule? Unakumbuka tulipoiba cheri za padri? Tulikuwa bado hatujafunga mlango, Baba ameshasikia mbegu mfukoni mwangu.

Kocha ameniita. Mwakani hawanihitaji. Alilisema vizuri, akanipa mkono. Sijamwambia mtu ila wewe.


Sobota Hill
14 Septemba 1952

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa upendo, na hasira nimeimaliza. Emil yupo, tumeanika uyoga, Bi Kosko ameleta mkate wa kokwa za jozi na nusu yake nakufichia.

Wiki hii Baba amekuwa na siku mbili mbaya na moja nzuri. Leo ni ile nzuri. Nilikuwa namsomea tena barua yako ya Agosti, ya kwanza, akanikatiza. Akasema, "Chukua kalamu. Andika ninavyosema, usinirembe." Kwa hiyo kuanzia hapa si mimi.

*Ambrose. Mimi baba yako. Nimechoka na hizi barua za karatasi mbili. Bahasha inafunguliwa, nasikia karatasi mbili zinakunjuliwa, nasomewa moja. Dada yako anafikiri miguu ikivimba na masikio yanaziba.*

*Sasa sikiliza. Nimekaa chini ya ardhi miaka thelathini na minane. Kule huoni kitu, taa yako inaishia kwenye pua. Ukitaka kurudi nyumbani kula, sikiliza. Sauti zote unazizoea, maji, mbao, panya, toroli. Ile sauti inayoacha ndiyo inayokuambia ukimbie.*

*Huyo Beemer wenu, nyuma ya maneno yake kuna kitu kinagongagonga. Ti-ti, ti-ti-ti. Mashine ya simu. Nimeisikia tangu mwaka juzi. Inagonga, kisha ndipo anasema. Siku ile uliposhika gongo iligonga, ukakosa. Ikagonga, ukakosa. Halafu ikanyamaza. Wewe ukaendelea kupiga mipira, mmoja, miwili, mitano, na mashine kimya kabisa. Nikamwona yule mtu kana kwamba yuko hapa, amekaa gizani, hajui dari iko wapi, anaongea ili asiogope. Nilimhesabia kwa vidole. Nilipoishiwa vyangu nikamshika Verona mkono. Kumi na mmoja. Ikagonga tena, ukatoka.*

*Kwa hiyo nilijua. Nilijua kabla supu haijapoa.*

*Utauliza kwa nini niliwasimulia kina Kosko. Kwa sababu ilikuwa hadithi nzuri, na tangu Pasaka sikuwa na cha kusimulia. Na nilidhani wewe unaipenda. Nikasema, mwache, msimu mbaya, mtoto ana kitu kimoja, mimi ni nani nikichukue. Lakini huji, na karatasi ya pili inafichwa, nikaelewa: kumbe na wewe unanifikiria hivyo hivyo. Tumekaa wajinga wawili, kila mtu anamlindia mwenzake kitu asichokitaka, na majira ya joto yamekwisha. Kosa hilo langu. Mimi ndiye mkubwa.*

*Sikujali kumi na mmoja. Mtu wa miaka thelathini na mitano, timu imeshakufa kumi kwa moja, anaitwa, anainuka, anakwenda kusimama pale. Hiyo mashine iliigonga. Hiyo ilikuwa kweli. Nilikuona.*

*Kitu kimoja tu kinanisumbua tangu Julai, na hakuna wa kumuuliza. Wa kwanza na wa pili nilisikia, Beemer alisema. Ule wa tatu, ule wa kweli, ulikuwaje? Ulikuja chini au uligeuka? Ulikosa kwa sababu ulichelewa au uliwahi? Nataka kujua. Basi.*

Ambrose, ni mimi tena. Aliponiambia niweke nukta, niliweka. Nilimuuliza, "Baba, miezi yote hiyo ulijua na hukuniambia?" Akasema, "Na wewe?"

Kimya kingi kina mshindo mkuu, mama alikuwa akisema hivyo tukiwa tunacheza chumba cha pili. Haya, mshindo ndio huo.

Verona


Calloway
Jumatatu, 22 Septemba 1952

Dada yangu Verona,

Salamu kwako na kwa Emil. Barua yako ilinifuata safarini, ikanipita, ikanirudia, nikaipata jana asubuhi kwenye meza ya Bibi Tolliver. Niliisoma nimesimama. Bibi Tolliver aliniuliza kama kuna msiba, nikamwambia hapana, ni kinyume chake, nikaisoma tena. Akaniwekea sahani ya maharage akaondoka. Mwanamke mwema.

Jana hiyo hiyo tukamaliza msimu. Tumepoteza mechi tisini na nane, na kitabu cha timu kinasema hakuna waliowahi kutufikia. Zamu ya mwisho Kocha Pruitt alinitupia gongo bila kusema neno. Niliupiga mpira wa kwanza kabisa. Uliviringika polepole mpaka miguuni kwa mrushaji, akauokota, akanitoa sijafika hata nusu ya njia. Nilikimbia mpaka mwisho hata hivyo. Bwana Ostrander alisimama akavua kofia. Sijui kama alikuwa ananiheshimu au anajikuna, lakini nilimpungia mkono.

Nimefungasha. Glovu yangu nimempa Renfro, gongo nakuja nalo.

Ule mpira wa tatu siuandiki. Ni jambo la kuonyesha, mtu ashike gongo, aonyeshe mkono wa mrushaji ulitokea wapi na mimi nilikuwa natazama wapi kama mjinga. Nitamwonyesha hapo jikoni, kiti chake akisogeze karibu na jiko tupate nafasi. Mwambie Alhamisi, basi la saa nane mchana. Mwambie nakuja na kila kitu kwenye karatasi moja.

Mwambie aningoje, Verona. Mwambie naomba sana.

Ambrose


SIMU YA MAANDISHI
24 SEPTEMBA 1952
KWA A. HUDAK, NYUMBANI KWA BIBI TOLLIVER, CALLOWAY

BARUA IMEFIKA. BABA ANANGOJA. TANGU ASUBUHI KAVAA VIATU. NIMEMWAMBIA NI KESHO. AMESEMA ANAJUA.

VERONA